Kulala Uluguru: Ukungu Unatoka Wapi na Unafika Saa Ngapi

Ukiwa stendi ya Msamvu au Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro ukainua macho kuelekea kusini, siku nyingi utaikuta milima ya Uluguru imejifunika mawingu. Wewe wa chini unaliita wingu. Aliye juu, njiani kuelekea vilele vya Bondwa au Lupanga, yumo ndani yake na anauita ukungu. Kila mwaka vijana hubeba shanta na mahema kwenda kulala huko, na wengi hujiandaa kwa mwinuko: miguu, pumzi, mzigo. Lakini Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, kina mita 2,630 hivi, urefu ambao mtu mwenye afya anaumudu. Kinachowashinda wageni ni maji yaliyomo hewani.

Maji hayo hutoka baharini. Uluguru iko kilomita zipatazo 200 kutoka Bahari ya Hindi, na kati yake na pwani hakuna mlima mwingine mrefu wa kuuzuia upepo. Kusi na kaskazi huja na mvuke wa bahari, hukutana na ukuta wa mlima, na hewa hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, ikipoa hushindwa kuubeba mvuke wote. Mvuke uliozidi hugeuka matone madogo mno, mepesi kiasi cha kuelea. Huo ndio ukungu.

Ndiyo maana upande wa mashariki, wa Kinole, Tegetero na Matombo, huloa zaidi. Sehemu za juu za upande huo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, wakati Morogoro mjini haifiki 1,000. Huko mvua haingoji masika wala vuli. Hata Julai manyunyu hayakatiki. Upande wa magharibi, wa Mgeta, hukaa nyuma ya mgongo wa mlima na hupata nafuu. Kwa usiku wako wa kwanza, njia za Nyandira au Tchenzema kuelekea uwanda wa Lukwangule, katika miezi ya Juni hadi Septemba, zinakupa nafasi kubwa zaidi ya kuliona jua.

Msafiri atakutana na kungugu za aina mbili, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni ya mchana. Jua la asubuhi hupasha moto miteremko, hewa ya mabondeni huanza kupanda, na kufikia saa tano au saa sita mchana wingu huwa limeshaukalia mgongo wa mlima. Kungugu hii husukumwa na upepo, hulowesha nguo bila mvua kunyesha, na inaweza kukaa hadi jioni. Ya pili ni ya usiku. Anga likitakata, ardhi hupoteza joto haraka, hewa baridi ambayo ni nzito hutiririka kuelekea kwenye mabonde na mashimo ya uwanda, na ukungu hutanda humo pasipo upepo. Jua likichomoza na kupata nguvu, huo huondoka.

Kwa hiyo ratiba ya safari hupangwa kwa kufuata ukungu. Anza kupanda alfajiri, malizia sehemu ngumu kabla ya saa tano asubuhi, na hema liwe limesimama ifikapo saa kumi jioni. Usilisimamishe bondeni kwa kuvutiwa na kijito, maana hewa yote ya baridi italala nawe. Usilisimamishe kileleni pia, upepo utakuchosha. Tafuta sehemu tambarare katikati ya mteremko, mbali na miti yenye matawi makavu, na ukague chini kama hakuna njia ya siafu. Ukishaingia, usifunge kila tundu. Pumzi za watu wawili usiku kucha hutoa mvuke wa kutosha kulowesha hema kwa ndani, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Acha hewa ipite juu.

Sasa baridi. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nusu nyuzi au zaidi kidogo. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, na Lukwangule ni zaidi ya mita 2,400. Usiku ambao mjini ni nyuzi 16, uwandani huenda zikawa nyuzi nne au tano. Kwa mtu mkavu mwenye blanketi zuri hilo halina shida. Kwa aliyelowa ni hatari, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikauki mlimani. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na sweta zake zimejaa kwenye mitumba. Weka seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uivae wakati wa kulala tu, hata kama asubuhi utalazimika kurudia zilizolowa.

Jueni pia dalili za mwili kupoa kupita kiasi, yaani joto lake kushuka chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito, hujikwaa, vidole hushindwa kufunga zipu. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, msidhani amepona. Hali imekuwa mbaya zaidi. Mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni mpaka kichwa, mpeni chai ya moto yenye sukari ikiwa ana fahamu za kumeza, na tafuteni msaada. Pombe kali msimpe. Hupanua mishipa ya ngozi na kuharakisha joto kutoka.

Hatari nyingine ni kupotea. Ukungu mzito huweza kukuachia hatua ishirini tu za kuona, na huurudisha machoni mwako mwanga wa tochi ya kichwani. Ishike mkononi usawa wa kiuno. Mwenda pole hajikwai, na ukiwa huna hakika na njia, simama na ungoje. Wengi hufundishwa kwamba aliyepotea afuate maji kushuka. Uluguru ushauri huo ni mbaya: vijito vyake huporomoka kwenye miamba na maporomoko. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyoitambua. Mwongozaji mwenyeji huijua njia hata asipoiona, na malipo yake ni sehemu ya gharama ya safari.

Kungugu hiyohiyo inayokulowesha ina kazi nyingine. Kuvumwani na majani ya msitu huichuja kutoka hewani, matone hudondoka, udongo huyahifadhi na kuyatoa polepole hata kiangazi. Mito ya Mgeta na Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Hii ni sababu mojawapo ya msitu huu kutangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Leo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

Basi pita kwanza ofisi za TFS Morogoro upate kibali. Pika kwa jiko dogo la gesi, usikate kuni wala kuwasha moto kwenye nyasi za uwandani. Choo chimba mbali na kijito, na takataka zote shuka nazo. Kuna watu wengi chini yako wanaosubiri kunywa maji hayo.