Mnyama asiyeshindwa: watoto wetu wanachora nini kwenye kaye?

Juma lililopita mama mmoja alitusimamisha njiani, karibu na soko la Kadutu, akatoa kaye ya mwanawe katikati ya mboga. "Mwalimu, tazama mwenyewe. Hii ni kaye ya hesabu, na imejaa mashetani."

Tuliifungua palepale. Hatukuona shetani. Tuliona wanyama: mmoja ana mabawa ya popo na mgongo wa chuma, mwingine ana vichwa 3. Pembeni ya kila mmoja kuna hesabu ndogo ndogo kwa biki nyekundu: nguvu 150, mbio 90, uhai 200. Mama alikuwa amekwisha kufikiria maombi. Tulimwambia apumue kwanza, ni Pokémon tu.

Wengi wetu tunalisikia neno hilo midomoni mwa watoto bila kuuliza. Ni mchezo uliotoka Japani mwaka 1996. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, utotoni alipenda kukusanya wadudu, na mchezo wake ni huohuo: unakamata vinyama, unavilea, unavipambanisha. Mwanzoni vilikuwa 151, leo vimepita 1,000. Kila kimoja kina aina yake, na aina ni 18. Maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hushinda maji. Tena kila mnyama hubeba mapigo 4 tu, hata awe na nguvu namna gani.

Hapa Bukavu watoto wanauchezea kwenye simu ya kaka mkubwa, simu moja kwa vichwa sita, mpaka moto uishe. Majina wanayajua kwa Kifaransa. Umeme ukikosekana, na sote tunajua unavyokosekana, mchezo unahamia kwenye karatasi. Hapo ndipo wanapoanza kutengeneza wanyama ambao mchezo hauna: wanachukua mwili wa huyu, kinga ya yule, pigo la wa tatu, ili wapate mmoja asiyeweza kushindwa na mtu. Mapumziko yote yanaishia kwenye ubishi huo, na wengine hata kula wanasahau.

Tulipoanza kuwasikiliza, tuliona kwamba ubishi wao una akili kuliko tulivyofikiri. Kuna kinyama kinaitwa Munja. Uhai wake ni 1. Moja tu! Lakini kina kinga iitwayo Garde Mystik: hakuna pigo linalokipata isipokuwa la aina inayokishinda, nazo ni moto, mawe, kuruka, mizimu na giza. Sumu pia inakiua. Sasa watoto wanauliza: kinga ile tukimvika Ténéfix, itakuwaje? Ténéfix ni mzimu na giza kwa pamoja, na tangu alipotokea mwaka 2002 hakukuwa na aina hata moja ya kumwonea. Angekuwa ukuta. Ilipofika 2013 tu ndipo watengenezaji walileta aina mpya, Fée, inayomweza. Na kinga ile hawakumpa kamwe. Walimwachia Munja, mwenye uhai wa 1.

Mwingine ni Monaflèmit, mfano wa nyani mkubwa mvivu. Nguvu zake zinakaribia za wanyama wakubwa kabisa wa mchezo, lakini akipiga mara moja, mara inayofuata anakaa tu. Tabia hiyo inaitwa Absentéisme. Sisi walimu tulicheka sana, maana watoro wa namna hiyo tunao darasani. Watoto nao wana ndoto moja juu yake: aondolewe utoro, tuone nani atasimama mbele yake.

Hata watengenezaji wenyewe waliteleza. Katika mchezo wa kwanza aina ya Psy ilitawala kupita kiasi, ikawabidi mwaka 1999 waongeze giza na chuma ili kuipunguza.

Basi tulileta jambo hili darasani, mwaka wa tano wa msingi, saa ya hesabu. (Mwenzetu mmoja alituambia tunacheza na kazi. Labda.) Kanuni ilikuwa fupi: kila mtoto ana pointi 20 za kugawa kati ya nguvu, mbio, kinga na uhai. Ukiweka 17 kwenye nguvu, umebaki na 3 za kuishi nazo. Pigo la 60 likimpata mnyama dhaifu linakuwa 120, akiwa dhaifu mara mbili linakuwa 240, akiwa mgumu linashuka kuwa 30. Watoto waliokuwa wanalia kwa ajili ya nusu na robo walizipata bila kusukumwa. Na kila mmoja, akimaliza kuchora, lazima ajibu swali moja mbele ya wenzake: mnyama wako anashindwa na nini?

Swali hilo, wamama, mnaweza kuliuliza hata jikoni mkichagua maharagi. Halitaki simu wala mega.

Kijana mmoja ambaye jamaa yake walitoka upande wa Goma alichora mnyama anayeitwa Mazuku. Wanaotoka huko wanalijua neno hilo: ni hewa mbaya inayotoka ardhini karibu na volkeno, haina rangi, nzito kuliko hewa yetu, inalala mabondeni na kuua mbuzi na watu. Mazuku wake haonekani, hanusiki, hapigwi. Darasa lote lilinyamaza. Kisha msichana wa dawati la nyuma akasema, "Mimi napanda mlima. Yeye anakaa chini." Mwenye mnyama alifikiri kidogo, akakubali. Akaandika mwenyewe: udhaifu, mlima na upepo. Ndivyo ilivyo kweli, na wazazi wa kule wanawakataza watoto kushuka kwenye mashimo kwa sababu hiyohiyo.

Siku hiyo tulirudi nyumbani tumejivuna. Kesho yake tukakosea.

Kulikuwa na mtoto mwingine, mpole, hasemi sana. Mnyama wake alikuwa mfano wa ngagi, kama wale wa Kahuzi-Biega, mgongo mpana, ameegemea mlango. Kwenye kinga aliandika 20. Kwenye uhai aliandika 20 tena, na kwenye nguvu sifuri. Tulimwambia amevunja kanuni, pointi ni 20 zote kwa pamoja. Hakujibu. Tukauliza lile swali letu, anashindwa na nini? Akasema hashindwi. Tukasisitiza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba kila mnyama lazima ashindwe na kitu. Akasema polepole, "Akishindwa, nani atabaki kwenye mlango?" Akafunga kaye yake. Siku 2 hakuchora tena.

Mama yake alikuja baadaye kwa ajili ya jambo lingine, tukamsimulia. Akatuambia kwamba zile siku za Februari 2025, shule zimefungwa na risasi zikilia mjini, mtoto huyo alikataa kulala kitandani. Alilala ameegemea mlango wa nyumba, mgongo kwenye mbao, akisema yeye ni mzito, hautafunguka. Alikuwa na miaka 9.

Tulimwita mtoto wakati wa mapumziko. Tulimwomba radhi, jambo ambalo walimu hatulifanyi mara nyingi. Tukamwambia ngagi wake abaki na 20 zake zote, hatamaliza hesabu na wengine, ana kazi yake. Hatukuuliza tena anashindwa na nini. Tuliuliza anakula nini.

Alifikiri kwa muda mrefu, akafungua kaye.

"Bugali na sambaza," akasema. "Lakini mtu amletee hapohapo mlangoni."