Gari la Faragha na Zamu ya Kisima: Kutoka Loresho Hadi Chalbi

Katika mtaa wa Loresho, upande wa magharibi wa Nairobi, ambako mashamba ya kahawa ya enzi za walowezi yamegeuka kuwa majumba yenye bustani pana na nyua za michongoma, imezuka desturi ambayo baba zetu wasingaliidhania: watu wenye nafasi, wakisha kushiba bahari ya Diani na nyumbu wa Maasai Mara, hukodi gari la faragha pamoja na dereva wake na mpishi wake, wakashika njia ya kaskazini kuelekea jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana, ili wakae siku chache miongoni mwa Wasamburu, Warendille, Wagabra na Waelmolo. Ukipita mtaani humo alfajiri katika mwezi wa Julai waweza kuliona gari hilo likipakiwa mbele ya lango: Land Cruiser iliyoinuliwa springi, tairi mbili za akiba juu yake, tangi la pili la mafuta, jokofu linalotumia umeme wa betri, hema lenye kitanda cha kweli na shuka zilizopigwa pasi, na nyuma kabisa, yamefungwa kwa kamba yasije yakagongana, madebe ya maji ya kunywa, kupikia na kuogea kila jioni. Ni maji hayo ninayotaka kuyazungumza, ingawa aghalabu ndiyo kitu cha mwisho anachokiuliza mwenye safari.

Mimi si miongoni mwa wale wanaoihesabu raha kuwa dhambi. Mzee aliyetimiza miaka sabini, ambaye magoti yanamwuma, ana haki ya kulala kwenye godoro zuri chini ya nyota za Kalacha, kando ya Chalbi, na wageni wachache wanaolipa vizuri huenda wakawa na manufaa zaidi kwa nchi kavu kuliko wengi wanaolipa kidogo, kwa maana nchi ile haiwezi kuchukua wengi. Huko Morocco biashara ya namna hii imekwisha kukomaa: msafiri hupokewa Marrakech kwa gari la faragha, akavushwa Milima ya Atlas kwa njia ya Tizi n'Tichka, iliyo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, akashukia mabonde ya mitende hadi Merzouga, penye vilima vya mchanga vya Erg Chebbi, na njiani akakaribishwa chai ya nanaa katika nyumba za Waberberi, ambao wenyewe hupendelea kuitwa Waamazigh. Msomaji wa Kiswahili asiwaone watu hao kuwa wageni kabisa, kwani Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304 na ambaye nasaba yake ilitoka katika kabila la Lawata la Kiberberi, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kwa heshima habari za dini ya wenyeji na misikiti yao ya miti. Lakini picha za matangazo hazimwambii msafiri kwamba makazi ya Tafilalt, ambako Merzouga imo, yalisimama kwa karne nyingi kwa sababu ya mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi, nayo ni khettara, na kwa sababu kila ukoo ulijua saa zake za maji, wala mtu hakuthubutu kulifungulia konde lake katika zamu ya mwenziwe. Jangwa letu nalo lina sheria ya jinsi hiyo, na mgeni huivunja kwa urahisi mno, pengine asijue kwamba ameivunja.

Kusafiri kwa raha katika njia ya Turkana si jambo la jana. Teleki, lodi wa Kihungari, alipoondoka Pangani mwaka 1887, mizigo yake ilichukuliwa na mamia ya wapagazi wa Unguja na mrima, na miongoni mwa waliomwongoza alikuwa Jumbe Kimameta, tajiri wa pembe wa Pangani, ambaye miaka michache kabla alikuwa amefuatana na Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai. Walipofika ziwani mwezi Machi 1888 Teleki alilipa ziwa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, jina lililodumu mpaka mwaka 1975. Wapagazi waliokufa njaa katika safari ile hawakuachiwa hata jina la kilima. Baadaye, katika miaka ya 1920, Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walikaa miaka kadhaa kando ya Ziwa Paradise, ndani ya msitu wa mlima Marsabit, wakajijengea nyumba, wakalima bustani ya mboga, wakapiga picha za sinema za ndovu kwa utulivu ambao mkaazi yeyote wa Loresho angeutamani.

Ilhali wageni walitembea hivyo, wenyeji walifungiwa. Sheria ya mwaka 1902, kisha nyingine ya mwaka 1934, ziliifanya kaskazini kuwa nchi ya kuingia na kutoka kwa cheti cha serikali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, tangu 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa wakati huo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo mzee wa Maikona, kabla ya kuingia Chalbi, anapoliona gari geni likija kwa kasi na wingu la vumbi nyuma yake, akilini mwake hupita mambo ambayo msafiri aliyeegemea kiti cha ngozi hana habari nayo, na salamu ya kwanza ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Juu ya lami sina maneno mengi. Kutoka Loresho watu hushika njia ya Waiyaki hadi Westlands, wakaingia barabara kuu ya Thika, wakapita Karatina na Nanyuki ulipo mstari wa ikweta, wakapanda Timau kwenye baridi na mashamba ya ngano, kisha wakateremka ghafula katika joto la Isiolo; na kutoka hapo hadi Moyale, masafa ya takriban kilomita 500, barabara iliyokamilishwa katika miaka ya 2010 ni laini kama mkeka. Aliyewahi kusafiri njia ile zamani, ameketi juu ya vyuma vya lori na mbuzi wakilia chini ya miguu yake, atajua ni neema gani.

Mbele ya Marsabit gari huiacha lami na kuteremka Maikona, na dereva mzoefu husimama akapunguza upepo katika kila tairi, kwa maana sasa yaja Chalbi. Huo ni uwanja uliokuwa sakafu ya ziwa maelfu ya miaka iliyopita, nao umefunikwa na ganda jeupe la chumvi, tambarare hata jicho halipati pa kushika. Mazigazi huyaning'iniza majabali hewani, na ngamia wa mbali huonekana kama wanakwenda juu ya maji. Halafu hutokea mikoma ya Kalacha na chemchemi zake, na hapo ndipo ningependa msafiri akae siku tatu badala ya usiku mmoja.

Akikaa, huenda akajaliwa kuona nilichokiona mimi: mama mmoja wa Kigabra akiivunja nyumba yake ili kuhama. Nyumba hiyo, mandasse, ni mali ya mwanamke na ni kazi ya mikono yake. Kwanza alifungua mikeka ya nyuzi, akaikunja mmoja mmoja na kuiweka kwa mpango. Kisha akatoa ngozi za ndani. Kisha akang'oa miti iliyopindwa kama upinde, akaigawa mafungu mawili sawasawa, akamfunga ngamia aliyepiga magoti fungu moja kila ubavu, hata miti ikasimama juu ya mgongo wake kama tao. Katika tao hilo alitandika mikeka, akampakia mtoto wake wa mwisho pamoja na mwana-mbuzi aliyezaliwa juzi, wote wawili kivulini. Vyombo vya maziwa, vilivyosukwa kwa mizizi kwa ustadi hata havivuji tone, vilikwisha kufukizwa kwa vijinga vya moto na kufunikwa. Asubuhi haijaisha, pale palipokuwa na nyumba hapakubaki ila mawe matatu na majivu. Mimi nimeona hema nyingi za thamani, lakini sijaona maskani ya safari iliyofikiriwa kwa ukamilifu kuliko hiyo, na ningependa wenye kuuza safari hizi wamwalike mama wa namna hii kuwa mwalimu na kumlipa ujira wa mwalimu, wasimwache kuwa kitu cha kupigwa picha kwa noti ya shilingi mia.

Wenyeji hawa, wenye uhaba wa karibu kila kitu, wana ukarimu uliopangwa barabara. Mtu akifika na kiu hanyimwi. Mgeni wa heshima hukaangiwa buni nzima na maganda yake katika samli, akapewa atafune huku dua ikisomwa, nayo ni kahawa ya namna nyingine kabisa na ile iliyopata kulimwa Loresho. Ngamia nao huazimwa kwa jirani aliyefikwa na msiba, naye akanywa maziwa yao miaka mingi ilhali mwenye mali hajulikani ila kwa wazee wanaokumbuka. Na kisimani pana utaratibu: kwa Waborana, jirani zao, huwapo msimamizi wa zamu, aba herega, ambaye huamua mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje, na neno lake halipingwi na tajiri wala fukara.

Sasa nitaeleza jambo lililoniumiza. Msafara mmoja wa anasa, ambao wenyewe siwataji, niliuona ukifika kisimani adhuhuri, ngamia wakiwa wamepanga safu. Watu wake wakatia mpira wa pampu, wakajaza tangi zima, wakampa kijana mmoja fedha, wakaondoka. Hapakuwa na ugomvi. Ngamia walirudishwa nyuma, wazee wakanyamaza, na maji yalipopungua waliokuwa mwisho wa safu wakangoja hadi usiku. Fedha ile ilikuwa nyingi, huenda ilizidi thamani ya maji, lakini ililipwa kwa asiyehusika na kwa kitu ambacho hakikuwa sokoni. Tena haya ni katika nchi ambayo tangu mwisho wa mwaka 2020 ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, ikazika mifugo isiyo na hesabu, na watu wangali wakijikongoja kurudi katika hali yao.

Ndiyo maana nasema kwamba katika safari nzima mtu wa maana kuliko wote ni dereva, na kwamba dereva huyo yafaa awe mtu wa Isiolo, Laisamis, Marsabit au North Horr. Wa Nairobi aweza kuijua mashine vizuri zaidi. Wa kule anajua asimame wapi, azime injini umbali gani kutoka bomani, amwulize nani kwanza, na salamu iendelee muda gani kabla ya kutaja haja. Nimemtazama mmoja akizungumza na mzee robo saa nzima juu ya amani, mvua, ngamia na wagonjwa, huku abiria wake wakitazama saa zao garini. Mwisho wake tulionyeshwa pa kupiga hema, tukapewa zamu ya maji jioni baada ya mbuzi kunywa, na mzee mwenyewe akaja kuketi nasi motoni.

Loiyangalani, kwenye ufuko wa ziwa, kuna hesabu nyingine ya kufanywa. Waelmolo, kabila dogo la wavuvi, kwa miaka mingi wameyanywa maji ya ziwa yenye floridi nyingi, ambayo huyageuza meno rangi na kuidhoofisha mifupa. Na katika miaka ya hivi karibuni ziwa limepanda hata likakitenga kijiji chao cha Komote na nchi kavu. Karibu na hapo, kwenye upepo usiopumzika, zimesimama mashine 365 za Lake Turkana Wind Power, zenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake hupelekwa Suswa kuingia katika gridi ya taifa, maana yake taa za Loresho huwashwa kwa sehemu na upepo huo. Mnamo Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru ilitamka kwamba hatimiliki za ardhi ile, takriban eka 150,000, hazikupatikana kwa njia ya sheria. Kwa hiyo mkaazi wa Loresho amekwisha kuwa na deni huko kabla hajapakia sanduku lake, na inampasa aende kwa adabu ya mdaiwa.

Mifano mizuri ipo, tena si mbali. Katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, chini ya Milima ya Mathews, Wasamburu wenyewe ndio wenye ardhi na ndio wenye kambi ya Sarara, kambi ya fahari isiyopungukiwa na raha yoyote. Reteti, ambako ndovu yatima hulelewa tangu mwaka 2016, ni mali yao pia. Huko mgeni hupelekwa kwenye visima virefu ambamo vijana hushikana daraja kwa daraja, wakapokezana ndoo za maji kwa wimbo, na kila ukoo una wimbo wake ambao ng'ombe wake huutambua na kuujia. Kupiga picha hapo hakuruhusiwi. Mgeni huketi akasikiliza, na sijasikia mtu aliyetoka pale akidai kwamba amepunjwa.

Anayejiandaa kwa safari hii basi aiulize kampuni, kabla ya kulipa, dereva ni mtu wa wapi, maji yatatekwa wapi na kwa idhini ya nani, na ada ya kambi humfikia nani mkononi. Tena apange kwenda kati ya Juni na Septemba, kwa maana mvua za Aprili zikinyesha sawasawa Chalbi hugeuka tope lisilopitika kwa gari la thamani yoyote, na Wagabra, ambao kwa ajili yao ndiyo safari, huwa wamekwisha kupakia nyumba zao na kupanda Milima ya Huri kufuata majani mabichi.