Altare ya nyumbani: Maana yake na namna ya kuiandaa

KATIKA nyumba nyingi za Wakatoliki nchini, pembe moja ya sebule hutengwa kwa ajili ya sala. Hapo huwekwa meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake msalaba, Biblia, rozari, sanamu ya Bikira Maria na chupa ya maji ya baraka.

Desturi hii ina msingi katika mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita familia kanisa la nyumbani.

Umuhimu wake ulidhihirika Machi 2020, makanisa yalipofungwa kutokana na janga la corona. Hata hivyo, altare hiyo haichukui nafasi ya ile ya kanisani, kwani Misa huadhimishwa na kasisi pekee.

Aishiye katika chumba kimoja asikate tamaa; rafu ya ukutani yatosha. Kitambaa chaweza kubadilishwa kufuatana na majira: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, cheupe Krismasi na Pasaka. Matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi huhifadhiwa nyuma ya msalaba, kisha hurudishwa kanisani yakachomwe kupata majivu ya Jumatano ya Majivu.

Mishumaa isiwashwe karibu na pazia wala kuachwa ikiwaka watu wakilala, kwani mwali mdogo waweza kuteketeza mtaa mzima wa mabanda.

Zaidi ya yote, familia ikubaliane saa ya kukusanyika, runinga ikiwa imezimwa. Altare isiyosaliwa ni pambo tu.