Asilimia ya nini? Hesabu zinazolinda mtaji

Wanafunzi wengi wa masomo ya biashara hujua kanuni za hesabu, lakini hukosa jibu kwa sababu hawajiulizi swali moja: hii ni asilimia ya nini? Dukani, kosa hilohilo hula mtaji, na mara nyingi mtaji huo ni mkopo. Tueleze kwa mifano miwili kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Bei tulizotumia ni za mfano tu.

Faida na punguzo

Muuzaji wa Mtaa wa Kongo amenunua doti ya kanga kwa Sh 8,000 na anaiuza kwa Sh 10,000. Faida ni Sh 2,000. Ni asilimia ngapi?

• Ya bei ya kununulia: 2,000 ÷ 8,000 × 100 = 25%
• Ya bei ya kuuzia: 2,000 ÷ 10,000 × 100 = 20%

Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa msingi wake. Hatari huja mteja anapoomba apunguziwe. Muuzaji akiwaza, "Faida yangu ni 25%, basi nikipunguza 25% sitapata hasara," atauza kwa Sh 7,500, maana punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia. Atapoteza Sh 500 kwa kila doti. Kwa doti 40, Sh 20,000 za mtaji zimekwenda. Na hapo hajalipa pango, umeme wala mbeba mizigo.

Kodi iliyomo ndani ya bei

Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza nchini mwaka 1998 kwa kiwango cha 20%. Mwaka 2009 ilishushwa hadi 18%, ambacho ndicho kiwango cha kawaida Tanzania Bara.

Tuseme risiti inaonyesha jumla ya Sh 118,000, pamoja na VAT. Kodi ni kiasi gani? Wengi hutafuta 18% ya 118,000 na kupata Sh 21,240. Si sahihi, kwa sababu kodi hukokotolewa kwenye bei kabla ya kodi. Bei hiyo ikiwa 100, kodi ni 18 na jumla ni 118. Kwa hiyo:

118,000 × 18 ÷ 118 = Sh 18,000

Hakiki jibu lako: 100,000 + 18,000 = 118,000.

Jaribu mwenyewe

Redio imenunuliwa kwa Sh 30,000. Muuzaji anataka faida iwe 25% ya bei ya kuuzia. Auze kwa bei gani?

Ukijibu Sh 37,500, umetumia msingi usio wake. Faida ikiwa 25% ya bei ya kuuzia, gharama ni 75% yake. Hivyo 30,000 × 100 ÷ 75 = Sh 40,000.

Tunawashauri walimu na viongozi wa vikundi wawaulize wanafunzi "asilimia ya nini?" kabla hawajagusa kikokotoo.