Ligi Inayochezwa Mbali na Macho ya Ngara

Saa kumi na moja alfajiri stendi ya Ngara mjini bado imezama kwenye ukungu. Juu ya keria ya Hiace yamefungwa masufuria mawili, gunia la maharage, mikungu mitatu ya ndizi na mfuko wa mipira. Ndani wamebanana vijana kumi na wanane, kocha, katibu, na mzee mmoja ambaye cheo chake hakimo kwenye fomu yoyote ya chama cha mpira, lakini bila yeye chakula hakipikwi. Wanakwenda Bukoba kucheza ligi ya mkoa. Njia ikiwa nzuri watafika jua limeshapinda. Waliokuja kuwaaga ukiwauliza ni lini watakwenda uwanjani kuitazama timu yao, wanakurudishia swali: kwani itacheza hapa lini?

Nimezifuatilia safari za namna hii kwa misimu kadhaa, mara upande wa Ngara, mara upande wa Biharamulo, na kila msimu swali hilo la stendi ndilo ninalorudi nalo nyumbani.

Ngazi yenyewe kila mpenda soka anaijua. Chini kabisa ni ligi ya wilaya, yaani Daraja la Nne. Bingwa wake huingia Daraja la Tatu, ambayo ndiyo ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa huenda kukutana na mabingwa wenzake wa nchi nzima, na wachache wanaopenya hapo huingia First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu. Kutoka uwanja wa changarawe wa Rulenge au Nyakahura hadi Ligi Kuu ni ngazi tano za kupanda. Ngazi inayovunja miguu ni ile ya pili, ya mkoa, na mara nyingi timu huvunjika kabla filimbi haijapulizwa.

Sababu ni ramani. Kagera ni mkoa mrefu. Mji wake mkuu, Bukoba, uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kaskazini mashariki, wakati Ngara iko kwenye kona ya mwisho ya kusini magharibi, pale Mto Ruvubu unapokutana na Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, Rwanda ikiwa upande mmoja na Burundi upande mwingine. Kutoka Ngara unashuka hadi Benaco, unaifuata barabara ya malori ya Kigali na Bujumbura mpaka Lusahunga, unapinda kaskazini kupita Biharamulo, kisha Muleba, ndipo uione Bukoba. Ni takribani kilomita 300. Timu ya wilaya haina uwezo wa kufunga safari hiyo wikiendi moja na kuirudia inayofuata. Kwa hiyo hapa kwetu, kama katika mikoa mingi nchini, ligi hukusanywa kwenye kituo: timu zote zinahamia sehemu moja, zinapiga kambi, zinamaliza mechi zao kwa mkupuo na kurudi makwao.

Kwenye karatasi mfumo wa kituo ni nafuu. Waamuzi wako pamoja, kamisaa wa mchezo hahangaiki na nauli, matokeo yanapatikana jioni hiyo hiyo. Sasa ingia kambini uone bei yake inalipwa na nani.

Timu hulala darasani, kama shule imekubali kutoa darasa. Madawati yanasukumwa ukutani, magodoro yanapangwa sakafuni, jezi zinafuliwa usiku na kuanikwa madirishani ili zikauke kabla ya mechi. Katibu ana daftari la mistari, na ndani yake kuna kila kitu: nani ametoa elfu tano, nani ameahidi hajatoa, bandeji zimebaki ngapi. Mchezaji anacheza leo, anapumzika kesho, kesho kutwa anarudi uwanjani na kifundo cha mguu kilichovimba, kwa sababu ratiba ya kituo haijui kuuguza. Wakibahatika kupangwa Kaitaba, uwanja wa mjini Bukoba, kuna jambo jingine: uwanja ule una nyasi bandia. Kijana aliyekulia kwenye murramu, ambako mpira ukidunda unajua utachelewa, hukuta mpira unateleza na kumpita. Akijitupa kuukaba kama alivyozoea, anainuka na magoti yaliyochubuka.

Halafu simu za nyumbani zinaanza. Beki wa kulia ni bodaboda, na pikipiki si yake. Kila siku tajiri anasubiri hesabu yake, na siku kumi bila hesabu maana yake pikipiki imepewa mwingine. Kiungo ana shamba la maharage linalongoja palizi. Mshambuliaji ni kibarua kwenye kahawa, na kahawa ikishaiva haimsubiri mtu. Mimi nimeona timu ya upande wetu ikishinda mechi mbili za mwanzo kwa soka la kuvutia, kisha ikaporomoka katika mechi tatu za mwisho. Msimamo wa ligi ulisema timu ile ni dhaifu. Mimi nilikuwa pale kambini na nilihesabu magodoro yaliyobaki matupu.

Kwa kijana wa Ngara kuna mzigo wa ziada. Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, akizungumza, lugha yake inaelewana na Kirundi na Kinyarwanda, na lafudhi hiyo anaibeba hata anapozungumza Kiswahili. Mpinzani akizidiwa uwanjani, silaha iliyo karibu ni pingamizi: yule namba tisa ni wa ng'ambo. Ni kweli kwamba zipo timu za mpakani zinazojaribu kupitisha mchezaji asiyestahili, na kanuni lazima ziheshimiwe. Lakini kijana aliyezaliwa Kabanga, akasoma Kabanga, na bibi yake amezikwa Kabanga, hujikuta akitafuta cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa huku wenzake wakipasha misuli. Mchezaji wa Bukoba mjini haulizwi swali hilo. Katibu mwenye akili huondoka nyumbani na bahasha ya vyeti vya wachezaji wake wote, naye huilinda kuliko fedha.

Wazee wa Biharamulo wakisikia vijana wakilalamikia safari hutabasamu kidogo. Wanaikumbuka barabara hii ilivyokuwa baada ya 1994, mwaka ambao watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Katika miaka iliyofuata, misitu ya Biharamulo na Kimisi ikawa na majambazi wenye bunduki. Magari yalisubiriana, yakapanga foleni, yakasindikizwa na polisi wenye silaha. Timu iliyokwenda kucheza ugenini ilisafiri ndani ya msafara huo. Leo sehemu ya misitu ile imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, na basi linapita bila askari. Barabara imefunguka. Ligi ndiyo haijaitumia kuja huku.

Nayaandika haya wakati ambao mkoa mzima una sababu ya kujitazama. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Misenyi iliyoubeba mkoa huu Ligi Kuu kwa takribani miongo miwili, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Miaka yote ile tulizoea kuwa na timu kubwa tayari, hatukuona haraka ya kuuliza inayofuata itatoka wapi. Jirani zetu wa Geita walituonyesha mapema. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, huku mshambuliaji wake George Mpole akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Ilishuka miaka miwili baadaye, hilo nalijua. Lakini Biharamulo waliitazama kwa uchungu wa pekee, kwa sababu sehemu ya mkoa ule ni damu yao: Chato ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo kabla haijakatwa kuwa wilaya, kisha mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Vijana ambao baba zao walicheza ligi moja ya wilaya sasa wamegawanywa na mpaka wa mkoa, na mwenye kipaji wa Runazi anajua kwamba kwenda Geita mjini ni karibu kuliko kwenda Bukoba.

Ninachokiomba hakihitaji uwanja mpya. Hatua ya kwanza ya ligi ya mkoa igawanywe vituo viwili. Kimoja kibaki upande wa ziwa, kingine kije huku, mwaka huu Biharamulo, mwaka ujao Ngara, na timu za Karagwe na Kyerwa zishuke kwa barabara ya Benaco. Hatua ya mwisho irudi Kaitaba, na hapo hakuna atakayelalamika, maana atakuwa ameshachezea mbele ya watu wake. Najua jibu la viongozi: viwanja vya huku havina uzio, kiingilio hakikusanyiki, na waamuzi watadai posho ya safari. Hoja ya uzio ni ya kweli. Hata hivyo nimeona siku ya ndondo ya kugombea mbuzi Biharamulo, watu wamesimama safu nne kuzunguka uwanja usio na hata kamba, na kofia ilipozungushwa ilirudi imejaa. Wauza karanga na wenye vibanda vya chipsi walifunga hesabu usiku. Mji ambao unachangia mshindi wa mbuzi hautashindwa kuchangia bingwa wa mkoa.

Kwa sasa, watu wa Ngara huifuata timu yao kwa masikio. Simu ya katibu inaita baada ya kipindi cha kwanza, mtu mmoja anapokea, kumi wanamzunguka. Jioni wengine hutega redio wakisubiri kama matokeo yatatajwa.

Safari ile niliyoanza nayo, nilirudi nayo pia. Tuliingia stendi karibu saa tano usiku, timu ikiwa ya tatu kwenye kundi, imetolewa kwa tofauti ya mabao. Nilidhani tungekuta stendi tupu. Watoto walikuwa wamekaa juu ya kuta za maduka yaliyofungwa, na kabla masufuria hayajashushwa mmoja akamfuata winga wa kushoto: "Kaka, lile la pili ulilifungaje?" Winga alikuwa anachechemea. Aliomba mpira utolewe kwenye mfuko, akamwomba dereva aache taa zinawaka, akaweka jiwe moja huku na jiwe jingine kule, kisha akarudi nyuma hatua saba.