Je, Wajua? Mteremko wa Likoni Hufuata Mwezi

Kisiwa cha Mombasa hutenganishwa na Likoni, iliyo upande wa kusini, na mkondo wa Kilindini, jina litokanalo na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Kwa kuwa bahari hupwa na kujaa takriban mara mbili kwa siku, na majira yake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, njia ya kuingilia feri ya kuvuka mkondo huo haibaki vilevile: maji yakijaa huwa fupi na nyepesi, lakini yakipwa mteremko hurefuka, na hapo hamali anayepandisha mkokoteni uliosheheni magunia hulazimika kuinamia mpini hadi kifua kikaribie kuugusa, huku mwenzake akisukuma kwa nyuma.

Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, ambapo jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kina cha maji hubadilika kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Jambo la kupendeza, ambalo kalenda ya ukutani haiwezi kulionyesha, ni kwamba siku za bamvua maji ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, kwa hiyo wasaka pweza hupata mwamba mkavu asubuhi kweupe.