TASCAM: Kampuni iliyoleta studio ya muziki chumbani

Ukiwa na simu janja unaweza kukaa chini ya mwembe ukarekodi gitaa, kisha ukaimba juu ya gitaa hilohilo. Ukikosea unafuta na kurudia, hata mara kumi, na hakuna atakayekudai senti. Leo jambo hili halimshangazi mtu.

Miaka hamsini iliyopita mambo hayakuwa hivyo. Kurekodi muziki kulihitaji studio, fundi na fedha. Katika makala haya tunaeleza jinsi kampuni moja ya Japani, kupitia jina lake la TASCAM, ilivyosaidia kubadili hali hiyo, na kwa nini historia yake inamhusu hata mtu anayerekodi kwa simu kijijini.

Kila kosa lilikuwa na bei

Kurekodi kwa utepe kulianzia Ujerumani. Mwaka 1935, katika maonyesho ya redio mjini Berlin, kampuni ya AEG ilionyesha mashine iliyonasa sauti kwenye utepe wa plastiki uliopakwa unga laini wa chuma. Ndani ya mashine hiyo kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wetu wanakiita hedi. Hedi ni sumaku ya umeme. Sauti ikiingia kwenye maikrofoni inageuka kuwa umeme, umeme unaifanya sumaku ibadilike nguvu, na unga ule unabaki na alama ya mabadiliko hayo. Ukiupitisha utepe tena, alama zinarudi kuwa sauti.

Mwanzoni mashine hizi zilinasa kila kitu kwa pamoja. Mwimbaji, gitaa na ngoma vilikwenda kwa wakati mmoja, na mtu mmoja akikosea wote wanarudia.

Kisha zikaja mashine za njia nyingi. Fikiria shamba lenye matuta manne yaliyo sambamba. Tuta la kwanza unapanda mahindi, la pili maharage, la tatu karanga, la nne mtama. Kila tuta lina zao lake, na ukitaka kung'oa karanga huyagusi mahindi. Utepe wa njia nne ndivyo ulivyo. Gitaa lina njia yake, ngoma ina yake, na sauti ya mwimbaji ina yake. Mwimbaji akikosea anarudia peke yake.

Tatizo lilikuwa bei. Mwaka 1957 mpiga gitaa Les Paul wa Marekani alipata mashine ya njia nane kutoka kampuni ya Ampex, na iligharimu dola 10,000. Hata Beatles, bendi iliyovuma kuliko zote wakati huo, walirekodi albamu yao ya Sgt. Pepper's mwaka 1967 kwa mashine za njia nne, na mashine hizo zilikuwa mali ya studio kubwa jijini London.

Kwa mwanamuziki wa kawaida hiyo ilimaanisha kulipia studio kwa saa. Dakika ya kujaribu ni fedha, na dakika ya kukosea ni fedha vilevile. Anayelipa kwa saa hucheza kile anachokijua tayari, kwa sababu anaogopa kupoteza muda.

Huku kwetu wazee wanaikumbuka hali hiyo kwa namna yake. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, bendi za dansi na vikundi vya taarabu vilitegemea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kikundi ambacho hakikufika kwenye studio hizo kingeweza kupiga muziki mzuri miaka yote, kikasambaratika bila kuacha wimbo hata mmoja uliorekodiwa.

Kampuni kutoka Tokyo

Kampuni inayohusika hapa ni TEAC. Ilianzishwa jijini Tokyo mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo iliongozwa na ndugu wawili, Katsuma Tani na Tomoma Tani. Ilijijengea jina kwa mashine za utepe za nyumbani, zile zenye magurudumu mawili yanayozunguka, walizonunua watu waliopenda kusikiliza muziki wenye sauti safi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 TEAC ilitoa mashine ya nyumbani yenye njia nne, A-3340. Kilichowavutia wanamuziki ni jinsi ilivyotatua tatizo moja la zamani.

Tatizo lenyewe ni hili. Katika mashine za aina hiyo utepe hupita kwanza kwenye hedi ya kurekodi, kisha kwenye hedi ya kusikilizia, na kati ya hedi hizo mbili kuna nafasi. Tuseme umesharekodi gitaa na sasa unataka kuimba. Unalisikia gitaa kutoka hedi ya kusikilizia, lakini sauti yako inaandikwa kwenye hedi ya kurekodi, ambako utepe bado uko nyuma kidogo. Ukirudi kusikiliza, sauti inachelewa. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini inatosha kuuharibu wimbo wote.

Suluhisho ni kuifanya hedi ya kurekodi ifanye kazi mbili kwa pamoja: isomeshe njia ya gitaa huku ikiandika njia ya sauti. Kwa kuwa zote zinapita mahali pamoja, hakuna kuchelewa. Ampex walikuwa wameshaigundua mbinu hiyo kwa ajili ya mashine zao ghali. TEAC waliiweka kwenye mashine ambayo mtu angeweza kuinunua na kuipeleka nyumbani.

Wakati huohuo kampuni iliona kwamba wanamuziki ni wateja wa aina yake. Mwaka 1971 ikaunda TASCAM, jina lililotokana na herufi za kampuni yake ya mifumo ya sauti ya Marekani. Kazi ya TASCAM ilikuwa kutengeneza vifaa vya kurekodi kwa studio ndogo na kwa watu wanaofanya kazi hiyo nyumbani.

Kaseti ileile ya redio

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1979. Wakati huo dunia nzima ilikuwa inatumia kaseti, ile ndogo iliyotolewa na Philips mwaka 1963. Wengi wetu tunaijua vizuri: tulisubiri wimbo redioni tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na utepe ulipojikunja tuliurudisha kwa kalamu.

Utepe wa kaseti ya kawaida una njia nne nyembamba. Mbili ni za upande A, kushoto na kulia, na mbili ni za upande B. Ndiyo maana unapoigeuza kaseti unasikia nyimbo nyingine.

TASCAM walijiuliza: vipi ikiwa hatutaigeuza kaseti kabisa, tukatumia njia zote nne kwa upande mmoja? Jibu likawa mashine iliyoitwa Portastudio 144. Juu yake kulikuwa na mikisa, yaani vidhibiti vya kuongeza na kupunguza kila sauti, na pembeni palikuwa na mahali pa kuweka kaseti. Studio nzima ilikaa ndani ya boksi moja ambalo mtu aliweza kulibeba na kuliweka juu ya meza ya chakula.

Njia za kaseti ni nyembamba mno, na utepe mwembamba hutoa mvumo. Ili kuupunguza, mashine iliuendesha utepe kwa kasi mara mbili ya kawaida, sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76. Faida ilikuwa sauti safi zaidi. Hasara ilikuwa muda: kaseti ya dakika 60, yenye dakika 30 kila upande, ilibaki na dakika 15 tu za kurekodi.

Na je, kama wimbo una sauti zaidi ya nne? Watu walirekodi njia tatu, wakazichanganya na kuzihamishia kwenye njia ya nne, kisha zile tatu zikawa huru tena. Lakini ukishahamisha hurudi nyuma. Kama ngoma ilikuwa juu kuliko sauti, itabaki hivyo milele. Mtu alilazimika kuamua mapema nini ni muhimu katika wimbo wake.

Bei yake ilikuwa dola elfu moja hivi. Hizo hazikuwa fedha ndogo, lakini ulilipa mara moja tu. Baada ya hapo saa hazikuhesabiwa tena, na ungeweza kukosea usiku kucha.

Kaseti iliyokaa mfukoni

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Bruce Springsteen wa Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 1982 alikuwa tayari msanii mkubwa mwenye bendi kubwa. Akiwa katika nyumba aliyopanga huko Colts Neck, jimbo la New Jersey, alirekodi nyimbo mpya kwa Portastudio, akiwa na gitaa, harmonika na maikrofoni mbili. Hakukusudia kutoa albamu. Alitaka tu bendi yake isikie nyimbo kabla ya kuingia studio.

Kaseti ile aliibeba mfukoni kwa muda, bila hata kasha lake. Kisha bendi ikaingia studio na kuzipiga nyimbo zile kwa vifaa bora. Sauti ikawa safi na kubwa, lakini Springsteen aliona kwamba nyimbo zimepoteza kitu. Upweke uliokuwemo kwenye kaseti haukuwepo tena.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuichukua kaseti yenyewe na kuitoa kama albamu. Mafundi walihangaika kuihamishia kwenye sahani ya santuri, kwa sababu haikurekodiwa kwa kiwango cha studio. Albamu hiyo, Nebraska, ilitoka Septemba 1982, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora.

Kutoka utepe hadi simu

TASCAM haikuishia kwenye kaseti. Mwaka 1993 ilitoa DA-88, mashine ya kidijitali ya njia nane iliyotumia kaseti ndogo za kamera za video. Ilitumika sana katika kazi za filamu na televisheni.

Lakini kompyuta zilikuwa zinakuja kwa kasi. Kompyuta haihitaji utepe, njia zake ni nyingi, na kosa unalifuta bila kuacha alama. Portastudio za kaseti zikaacha kutengenezwa. Mwaka 2013 kampuni ya magitaa ya Gibson ya Marekani ilinunua hisa nyingi za TEAC, na mwaka 2018 Gibson yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. TEAC na TASCAM zikaendelea kuwepo. Leo vinasa sauti vyao vidogo vya mkononi hutumiwa na wanahabari wa redio wanapokwenda vijijini kuhoji watu. Huenda umewahi kuongea mbele ya kimoja.

Kile ambacho Portastudio ilifanya kwa kaseti, sasa programu za simu zinafanya bila utepe wowote. Nyingi hupatikana bure, na zina njia nne au zaidi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Mambo waliyoyajua watumiaji wa Portastudio yanakufaa hata wewe mwenye simu.

Kwanza, rekodi gitaa, marimba au ngoma peke yake. Unapoongeza sauti, sikiliza kile cha kwanza kwa visikilizi vya masikioni, wala si kwa spika ya simu. Ukitumia spika, maikrofoni itanasa gitaa kwa mara ya pili.

Pili, tumia visikilizi vya waya. Vile vya Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na utajikuta umeimba nyuma ya gitaa. Ni tatizo lilelile la hedi mbili tulilolieleza hapo juu.

Tatu, chagua mahali kabla ya kuchagua programu. Chumba chenye mablanketi na nguo hakina mwangwi. Epuka upepo, bati linalopigwa na mvua, na jenereta ya jirani. Ikae simu karibu na mdomo, ila pembeni kidogo ili pumzi isiipige.

Nne, na hili ndilo muhimu kuliko yote, usiache rekodi mahali pamoja. Kaseti ya Springsteen ilikuwa mfukoni bila kasha, na ingeweza kuharibika wakati wowote. Ingeharibika, albamu ile isingekuwepo. Simu nayo huibwa, huingia maji, huanguka shimoni. Ukimrekodi bibi akiimba nyimbo za mavuno, au babu akisimulia jinsi ukoo ulivyohamia bondeni, hamisha rekodi hiyo siku hiyohiyo kwenye kadi ya kumbukumbu, na umtumie ndugu mmoja anayekaa mbali na wewe.

Zamani sauti nyingi zilipotea kwa sababu studio ilikuwa mbali. Sasa studio iko mkononi mwako. Bibi akiwa bado anaimba, mrekodi wiki hii.